Seyyida Salme na Mfupa wa Ngamia: Nani Mlezi wa Elimu?

Utangulizi

Ndugu msomaji, muhula uliopita tulikuwa tukijadili historia ya Kiswahili kabla ya ukoloni. Mwanafunzi mmoja kutoka Koboko alisimama akauliza swali lililolinyamazisha darasa zima. "Mwalimu," alisema, "historia hii imejaa masultani, wamisionari na askari. Kwani mabibi wakubwa wa Uswahilini hawakuilea elimu? Hakuna hata mmoja aliyefanya kama yule Malkia wa Ethiopia?"

Alimkusudia Malkia Menen Asfaw, mke wa Haile Selassie, ambaye mwaka 1931 alifungua shule ya wasichana mjini Addis Ababa, shule iliyoitwa kwa jina lake. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi, kuanzia Ethiopia hadi Jojia kule kwenye milima ya Kaukasi, wako wanawake wa koo za kitawala wanaokumbukwa kwa sababu walitoa mali na jina lao ili watoto wa wengine wasome. Swali la mwanafunzi yule lilikuwa la haki. Nikamjibu papo hapo: msome Seyyida Salme wa Unguja.

Jioni, nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa miguu chini ya Kilima cha Arua, niligundua kwamba jibu langu lilikuwa nusu tu. Salme hakujenga shule. Hakuacha wakfu wa madrasa. Isitoshe, yapo mambo aliyoyaandika ambayo sisi watu wa West Nile hatuwezi kuyasoma bila kuumia. Hata hivyo, naamini kwamba kisa chake kinatufundisha juu ya ulezi wa elimu kuliko visa vingi vya wafadhili wenye majengo. Makala haya ni jaribio la kuikamilisha ile nusu ya pili ya jibu.

Mtoto wa Beit el Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Beit el Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyekuza kilimo cha karafuu na kuufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa suria. Kwa asili alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa milima ile ile ya Kaukasi inayopakana na Jojia. Kwa karne nyingi wasichana wa Kicherkesi na wa Kijojia walikuwa wakitekwa na kuuzwa katika nyumba za wakubwa wa Mashariki ya Kati, na mkondo huo wa biashara ulifika mpaka Unguja.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika Salme mwenyewe, babu yake mzaa mama alikuwa mkulima tu, mwenye watoto watatu. Vita vilipozuka, wanyang'anyi waliivamia nyumba, wakawaua wazazi na kuwachukua watoto. Jilfidan alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Kwa hiyo yule tunayemwita binti mfalme alikuwa, kwa upande wa mama, mtoto wa mateka. Katika desturi ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana huwa huru na ana haki kama ndugu zake wote, na ndivyo ilivyokuwa kwa Salme. Baba yake alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, wana 18 na mabinti 18, wote wakiwa wamezaliwa na masuria.

Wanafunzi wa isimujamii watapendezwa na jambo moja kuhusu kasri hilo. Salme anasimulia kwamba mbele ya baba yake watu wa Beit el Mtoni walitakiwa kusema Kiarabu tu. Mara mzee alipogeuza mgongo, kila mmoja alirudi kwenye lugha yake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. (Kinubi anachokitaja si hiki cha Arua na Koboko. Hiki chetu ni lugha iliyochipuka katika Kiarabu cha askari, kama tutakavyoona.) Yeyote aliyepita sokoni Arua na kusikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili katika mlango wa duka moja hatashangazwa na habari za Beit el Mtoni. Lugha ya amri ni moja, lakini lugha za maisha ni nyingi.

Shule ya mkekani

Shule ya kasri haikuwa na dawati wala ubao. Ilikuwa baraza iliyo wazi, ndege wakiingia na kutoka, na chini umetandikwa mkeka. Mwalimu alikuwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Oman, na bakora haikuwa mbali na mkono wake. Watoto walianza masomo wakiwa na miaka sita au saba, wavulana kwa wasichana, na kitabu kilikuwa kimoja: Kurani Tukufu. Walijifunza herufi, kisha kusoma, kisha kuhifadhi.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Wavulana waliendelea hadi kuandika, ambapo wasichana waliishia kwenye kusoma. Haikuwa kwamba mkono wa msichana haukuweza kushika kalamu. Hofu ilikuwa juu ya yale ambayo kalamu ingemwezesha kuyafanya. Anayesoma hupokea maneno ya wengine, lakini anayeandika hutuma ya kwake.

Ni vyema kueleza hapa kwamba desturi hiyo ya kasri haikuwa desturi ya pwani yote. Mwaka 1858, Salme akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mashuhuri wa kumuusia bintiye Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule yule aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said kwa miaka mingi. Hivyo basi, wakati mmoja na katika bahari moja, mjane wa adui wa Sultani aliandaa wosia utakaosomwa kwa vizazi, na binti wa Sultani hakuruhusiwa kuandika jina lake. Tunapofundisha kwamba "wanawake wa zamani hawakusoma," tuwe waangalifu. Tuulize: wanawake gani, wapi, na nani aliwazuia?

Jambo lingine linahusu Jilfidan. Kwa kuwa aliletwa akiwa mtoto, alikalishwa mkekani pamoja na mabinti wa Sultani wa rika lake, akajifunza kusoma. Masuria wengine wengi waliletwa wakiwa wasichana wakubwa wa miaka kumi na sita na zaidi, na hawakutaka tena kuketi na watoto wadogo kwenye mkeka mgumu. Kwa sababu hiyo mama yake Salme alikuwa na elimu ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo. Msomaji wa kwanza katika nyumba ya Salme, basi, alikuwa mwanamke aliyenunuliwa.

Mfupa wa ngamia

Watoto wa kasri hawakuandikia karatasi wala kibao cha jiwe. Waliandikia mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe, kwa kalamu ya tete na wino. Salme alijipatia mfupa wake, akaanza kujifundisha kwa siri. Alifungua Kurani, akawa ananakili herufi moja baada ya nyingine, akiiga umbo lake pasipo mtu wa kumsahihisha.

Kila mwalimu wa lugha anajua mahali mwanafunzi wa namna hiyo anapokwama. Kunakili si kuandika. Anayenakili hutegemea kilicho mbele yake, na siku kitabu kikifungwa, mkono wake husimama. Salme alihitaji mtu wa kumsomea imla na kumrekebisha mwandiko. Mtu huyo alimpata miongoni mwa watumwa wake, mmoja aliyekuwa na elimu, akamfanya mwalimu wake.

Naomba tusimame hapa kidogo. Bibi kijana, mwenye mali na ukoo, ameketi mbele ya mtumwa wake kujifunza. Mtumwa anajua na bibi hajui. Habari zilipovuja, Salme alilaumiwa sana, lakini anasema lawama hizo hazikumshughulisha. Miaka mingi baadaye, akiwa Ulaya, alishukuru kwamba alichukua uamuzi ule, kwa sababu uliwezesha mkono wake kuwafikia jamaa waliobaki Unguja bila kupitia kwa mtu mwingine.

Maneno hayo ya "bila kupitia kwa mtu mwingine" yananigusa mimi binafsi. Vita vya mwaka 1979 na miaka iliyofuata viliwatawanya watu wa West Nile, wengine Kongo na wengine Sudan. Bibi yangu mzaa mama alipokea barua kutoka kwa wanawe waliokuwa mbali, lakini hakujua kusoma. Kila barua ilipofika, ilimbidi aende nayo kwa mtu ili asomewe, na jibu lake alilitamka mbele ya mtu huyo huyo, pengine na majirani wakiwapo. Alizoea kusema, "Zungumza nami polepole, na yale mengine yaache." Yale mengine hakuwahi kuyasikia. Nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka aibu iliyokuwa usoni mwake, si ya kutojua kusoma, bali ya kukosa siri. Ndiyo maana ninaposoma habari za ule mfupa wa ngamia, sioni kitu cha makumbusho. Namwona msichana anayetaka kuwa na siri yake.

Kalamu yaleta balaa

Seyyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Salme, akiwa na miaka kumi na miwili, alihesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake, shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Majid alishika utawala wa Zanzibar. Mwaka 1859 mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu, naye akabaki na ndugu zake.

Mwaka huo huo Seyyid Barghash alipanga kumpindua Majid. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta mdogo wake. Wapangaji walihitaji mtu wa ndani ya jamaa, asiyeshukiwa, atakayeandika barua za siri. Nani angemshuku msichana wa miaka kumi na mitano, katika nyumba ambamo wasichana hawaandiki? Salme akawa katibu wa njama. Ustadi alioupata kwa mfupa wa ngamia ndio uliotumika kuwaita watu na silaha.

Njama ilishindwa. Majid alisaidiwa na askari wa majini wa Uingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Watu walikufa, na Salme hakusahau kwamba barua nyingine zilitoka mkononi mwake. Alijitenga, akaishi mashambani Kizimbani na Bububu. Baadaye alipatana na Majid, na kwa kufanya hivyo akampoteza Khole.

Tunapowaambia wanafunzi kwamba elimu ni nuru, ni haki pia tuwaambie kwamba nuru humfichua anayeibeba. Tangu siku aliyojua kuandika, Salme hakuweza tena kusema kwamba hakuhusika.

Ugenini

Baada ya kurudi mjini, Salme alifahamiana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Alishika mimba, jambo ambalo kwa binti wa Sultani lilihatarisha uhai. Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete, wakasafiri kwenda Ujerumani.

Mjini Hamburg alizaa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu. Salme akabaki mjane wa miaka ishirini na mitano katika nchi ya baridi, lugha yake ngeni, watoto wote wakiwa wadogo, na urithi wake Unguja umezuiliwa kwa kuwa alikuwa ameuacha Uislamu. Alihama kutoka mji hadi mji akitafuta maisha nafuu, na miongoni mwa kazi zilizompatia riziki ilikuwa kufundisha Kiarabu. Yule aliyekatazwa kuandika akawa anakula kwa kufundisha lugha. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba riziki hiyo haijawahi kuwa nono.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kupatana na kaka yake. Sir Bartle Frere, mtumishi mkubwa wa serikali ya Uingereza, alimtaka achague: ama akutane na kaka yake, ama aache, na watoto wake waangaliwe kwa siku zao za baadaye. Salme alichagua watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, ahadi ile haikutimizwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba watoto wale walikuwa raia wa Ujerumani. Mama aliuza nafasi ya kuonana na ndugu yake kwa ajili ya watoto, na bei hakulipwa. Laiti ahadi ile ingewekwa kwenye karatasi! Wahenga walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kitabu, manowari na Wadelai

Salme alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe tu, ili wajue mama yao alitoka wapi. Kitabu kilitolewa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa tawasifu ya kwanza inayojulikana kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Ndani yake mna sura nzima juu ya malezi na shule, ambamo analinganisha mkeka wa Mtoni na shule za Ulaya. Hasifu moja kwa kuidharau nyingine. Anaona kasoro za shule ya kasri, lakini pia anashangaa jinsi shule za Kijerumani zinavyowajaza watoto maarifa mengi na kuacha moyo mtupu. Anaonya kwamba si haki kuchukua mfumo wa watu wengine na kuupachika kwa nguvu kwa watu ambao dini na desturi zao ni tofauti. Tukumbuke kwamba aliyaandika hayo wakati ambapo serikali za Ulaya zilikuwa zikijiandaa kufanya hivyo hasa.

Salme mwenyewe alitumiwa katika maandalizi hayo. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya sehemu za bara, na Barghash akapinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Salme pamoja na watoto wake wakawasili katika moja ya meli hizo. Bismarck alijua thamani ya binti wa Sultani mwenye madai ya urithi. Watu wa mji walimlaki kwa furaha, lakini kaka yake alikataa kumwona. Wakubwa walipokwisha kupata walichokitaka, mambo ya Salme yaliwekwa kando. Alirudi tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, na bado hakufanikiwa.

Msomaji wa Arua anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini? Mwaka ule ule wa 1885, Mjerumani mwingine, Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta, alihamishia makao yake Wadelai, ukingoni mwa Nile, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Pakwach. Askari wake, pamoja na wake zao, watoto na wafuasi, ndio chimbuko la jamii ya Wanubi na lugha yao. Msafara wa Kijerumani wa kumtafuta Emin ulipita Buganda mwaka 1890. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa maeneo: Zanzibar ikaangukia ulinzi wa Uingereza, na Uganda ikahesabiwa upande huo huo. West Nile ilichelewa. Ilipitia utawala wa Wabelgiji katika Lado, ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na kuingizwa Uganda mwaka 1914. Bibi aliyesimama juu ya sitaha akiutazama mji aliozaliwa, na wanajeshi waliosahauliwa Wadelai, walikuwa kete za bao moja.

Jambo la utumwa

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikulisema darasani siku ile, na ambalo limenifanya niandike makala haya.

Katika kitabu chake Salme ana sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo anautetea. Anadai kwamba utumwa wa Mashariki haukuwa sawa na ule wa Marekani. Analaumu haraka ya Waingereza ya kuukomesha, na anawaelezea Waafrika kuwa wavivu wasiofanya kazi bila kushurutishwa. Msomi wa ukoo wa mateka, binti wa mama aliyenyakuliwa utotoni baada ya wazazi wake kuuawa, anaandika hivyo.

Sisi huku hatuhitaji kueleweshwa maana ya maneno hayo. Kabla ya Emin Pasha, wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum walijenga maboma yao kusini mwa Sudan na kuvamia vijiji vya pande hizi za Nile. Wazee wa Kikakwa na wa Kilugbara waliwasimulia wajukuu habari hizo. Miaka ya karibuni hata watu wa Hamburg wamelazimika kulitafakari suala hili. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini humo ulipewa jina la Emily Ruete, lakini maneno yake juu ya utumwa yalipofufuliwa, baraza la wilaya liliamua jina hilo liondolewe.

Je, nasi tumwondoe katika mihadhara yetu? Kwa maoni yangu, hapana. Tumsome, lakini tumsome mpaka mwisho. Tukimsoma hivyo tutaona kwamba kitabu chake chenyewe kinamkanusha. Anayesema kwamba watumwa hawafai ila kwa kazi ya kushurutishwa ndiye anayetusimulia, kurasa chache nyuma, kwamba mwalimu wake wa kuandika alikuwa mtumwa. Mwalimu huyo hakumpa jina katika kitabu. Tunajua jina la manowari iliyomtorosha na la gavana aliyemhadaa, lakini jina la aliyemfundisha kuunganisha herufi halimo.

Hapo ndipo nilipoipata nusu ya pili ya jibu langu. Mlezi wa elimu katika kisa hiki si Sultani aliyeleta mwalimu kutoka Oman kwa ajili ya wanawe. Wala si Salme peke yake, ingawa ujasiri wake ni wa kweli na gharama aliyolipa ni kubwa. Ni Jilfidan, aliyejifunza kusoma katika nyumba aliyouziwa. Na ni yule mtumwa asiye na jina, aliyetoa alichokuwa nacho kwa mtu ambaye kisheria alikuwa akimmiliki. Hakuwa na mali ya kutoa wala jengo la kuandikwa jina lake. Alitoa imla.

Hitimisho

Salme aliishi Beirut kwa muda mrefu, kisha akarejea Ujerumani mwaka 1914. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Inasemekana kwamba mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi ulizikwa pamoja naye. Miaka mitatu baada ya kifo chake, mwaka 1927, serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana Zanzibar. Mwanawe Rudolph alikusanya maktaba na karatasi za mama yake, na leo zimehifadhiwa Leiden, Uholanzi.

Ndugu walimu, Kiswahili katika nchi yetu kimebeba sifa mbaya kwa miaka mingi. Kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya serikali ya kijeshi, na wengi walikisikia kwanza mdomoni mwa askari mwenye bunduki. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tunashukuru. Hata hivyo, amri haijawahi kumfundisha mtoto herufi. Anayemfundisha ni mtu aliyeketi naye, akamsomea polepole na kumsahihisha.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa yeyote atakayeafiki. Katika zoezi la muhula huu, kila mmoja aandike kwa Kiswahili kurasa mbili juu ya mtu wa kwanza aliyemfundisha kusoma: mama, katekista, mwalimu wa chuo, kaka aliyerudi kutoka kambini, mpishi wa shule, awaye yote. Aandike alikotoka mtu huyo, alivyokuwa akiketi, alitumia nini badala ya ubao. Na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mwandishi, aliandike jina la mwalimu huyo.